Riwaya na Wapokezi Wake

Mnamo tarehe 18 Machi 2003 ilitoka New York riwaya ya Mmarekani Dan Brown, jina lake The Da Vinci Code, ambayo sura zake ni fupi mno na kila moja inakatika pale pale msomaji anapotaka kujua zaidi, hata wengi walioifungua jioni kwa kutafuta usingizi wakajikuta alfajiri taa ingali inawaka. Ndani yake mzee mtunzaji wa jumba la makumbusho la Louvre anauawa usiku, mwalimu mmoja kutoka Marekani anashukiwa, na baada ya mbio nyingi msomaji anaambiwa kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena, kwamba dhuria yao waliingia katika damu ya wafalme wa kale wa Ufaransa, na kwamba chama cha siri kiitwacho Priory ya Sion kimeihifadhi habari hiyo tangu zama za vita vya msalaba, huku Kanisa likiificha. Nakala zilizouzwa zilifikia milioni 80. Hayo yote ni haki ya mtunga hadithi, wala hakuna wa kumdai; lakini kabla ya hadithi kuanza Brown aliweka ukurasa mmoja ambao alitaka usomwe kama kweli, na humo akatangaza kwamba chama hicho kipo hasa na kiliasisiwa mwaka 1099, na kwamba mwaka 1975 katika Maktaba ya Taifa mjini Paris ziligunduliwa hati za ngozi zenye kutaja wanachama wake, miongoni mwao Isaac Newton, Botticelli, Victor Hugo na Leonardo da Vinci.

Neno riwaya katika lugha yetu limebeba maana mbili, na hapa zote mbili zinatufaa. Kwa watu wa leo ni hadithi ndefu ya kubuni. Kwa wanavyuoni ni habari iliyopokewa mdomo kwa mdomo, nao hawakubali kuisikiliza mpaka kwanza wameuliza: umeipokea kwa nani, na yeye kwa nani, na huyo wa mwisho alikuwa mtu wa namna gani? Mimi nimeona njia hiyo ya sanadi ndiyo ifaayo kwa ukurasa ule mmoja wa Dan Brown, kwa kuwa wapokezi wake wote wanajulikana kwa majina, na mtu akipanda kutoka kwa huyu hadi kwa yule anafika kwenye kijiji kimoja juu ya kilima, kusini mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees, kiitwacho Rennes-le-Château.

Katika kijiji hicho, chenye watu wapatao 300, alipelekwa mwaka 1885 paroko mpya, Bérenger Saunière, mwenye umri wa miaka 33, mzaliwa wa sehemu zile zile, mtu wa kifua kipana na ulimi mkali. Alikuta kanisa la Maria Magdalena likivuja na nyumba ya padri haikaliki. Mwaka huo huo, katika siku za uchaguzi, alihubiri mimbarani dhidi ya wafuasi wa Jamhuri, na serikali, ambayo zama zile ndiyo iliyowalipa mapadri, ikamkatia mshahara kwa miezi kadhaa. Lakini hasara hiyo ilimpa marafiki, kwa sababu watu wa daraja la juu waliotamani ufalme urudi wakamwona ni mtu wao, na mjane wa Henri wa Chambord, aliyekuwa akidai kiti cha ufalme wa Ufaransa, akamtumia zawadi kubwa ya fedha. Saunière akaanza kutengeneza kanisa. Akabadili altare, akapaka kuta rangi kali, akaweka sanamu za watakatifu. Na hapo mlangoni, chini ya chombo cha maji ya baraka, akamweka shetani mwenyewe, amechuchumaa, macho yamemtoka, uso umekunjamana, amekibeba chombo kile mabegani kama hamali aliyelemewa. Juu ya mlango akaandikisha kwa Kilatini maneno ya Yakobo alipoamka kutoka katika ndoto yake, ya kwamba mahali hapa panatisha. Maneno hayo husomwa katika ibada ya kutabaruku makanisa, wala hapana ajabu kuyakuta juu ya mlango wa kanisa. Lakini mgeni asiyejua ibada, akiyasoma kisha akaingia na kukutana na shetani yule uso kwa uso, huwezi kumlaumu mtu kama huyo akitoka na hadithi.

Baada ya kanisa alijijengea yeye. Mwanzoni mwa karne ya ishirini pale ukingoni mwa kilima yalisimama jumba la kifahari aliloliita Bethania, bustani, na mnara wa mawe ulioitwa Magdala, ambao ndani yake aliweka vitabu vyake na kutoka juu yake aliweza kutazama bonde lote. Mali hiyo yote iliandikwa kwa jina la Marie Dénarnaud, mtumishi wake wa nyumbani. Wanakijiji walitazama wakajiuliza fedha zatoka wapi, na askofu mpya wa Carcassonne, aliyeshika jimbo mwaka 1902, akauliza swali hilo hilo kwa barua.

Jibu lilikuwa katika posta. Desturi ya Kanisa Katoliki ni kwamba muumini anaweza kumwomba padri amsomee misa kwa nia yake, kwa marehemu wake au kwa shida yake, akatoa sadaka kidogo, ambayo siku hizo ilikuwa kiasi cha faranga moja au moja na nusu. Na padri haruhusiwi kupokea sadaka ya misa zaidi ya moja kwa siku, maana kila nia iliyolipiwa ni deni mbele ya Mungu. Saunière alitangaza katika magazeti ya dini, akaandika barua kwa watawa na kwa matajiri, ndani ya Ufaransa na nje yake, naye alipokea nia za misa nyingi kiasi kwamba hata angesimama altareni kutwa kucha asingeweza kuzimaliza. Vitabu vyake vya hesabu vimesalia, na ndani yake mistari ya majina na sadaka inafuatana ukurasa baada ya ukurasa kama daftari la duka la rejareja, mpaka mahali pengine mwandiko wenyewe unaonyesha kuchoka. Alipoitwa mbele ya mahakama ya jimbo mwaka 1910 alidai kuwa ametumia yapata faranga 193,000 na kwamba wafadhili wake hawataki kutajwa. Mahakama haikuridhika, na mwaka 1911 akazuiwa kufanya kazi zote za upadri. Alikufa Januari 1917, katika ufukara uliofichwa na kuta za jumba kubwa.

Hiyo ndiyo siri ya Rennes-le-Château, na kama ingeishia hapo ingekuwa ni kisa cha padri aliyeuza misa, jambo la kuhuzunisha na la kawaida. Marie Dénarnaud aliishi miaka mingi baada yake katika nyumba zile zilizoanza kuchakaa, na mwaka 1946 akamuuzia mali yote mfanyabiashara aitwaye Noël Corbu, ambaye alimtunza hadi alipofariki mwaka 1953. Inasimuliwa kwamba bibi huyo alimwahidi Corbu kumwambia siku moja siri itakayomfanya tajiri, kisha kiharusi kikamfunga ulimi. Aliyesimulia ni Corbu. Na Corbu mwaka 1955 alikwisha kufungua hoteli na mkahawa katika jumba la padri, juu ya kilima ambako barabara haimpeleki mtu isipokuwa amekusudia kwenda. Akahitaji wageni. Akairekodi habari ya paroko na dafina yake katika utepe, wageni wakaisikiliza wakila, na Januari 1956 gazeti moja la nchi hiyo, La Dépêche du Midi, likaichapa: paroko, alipokuwa akitengeneza altare, aliona ndani ya nguzo hati za ngozi, na hati zikampeleka kwenye hazina.

Wakaja watu na majembe. Wengine walikuja na baruti, wakachimba kanisani na makaburini, mpaka halmashauri ya kijiji mwaka 1965 ikapiga marufuku kuchimba. Tusiwacheke sana, kwa kuwa kwetu pia wamo wanaochimba hadi leo chini ya mibuyu na kando ya maboma wakitafuta fedha zilizofukiwa na Wajerumani, na kila shimo lisilo na kitu linawathibitishia kuwa hazina iko shimo la pili.

Miongoni mwa waliovutwa na habari ya Corbu alikuwa Pierre Plantard, naye ndiye shina la sanadi yetu. Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1920, na kwa sadfa ambayo yeye angeifurahia kupita kiasi, siku yake ya kuzaliwa ndiyo siku riwaya ya Brown ilipotoka. Baba yake alikuwa mtumishi katika nyumba za watu wenye mali. Kijana huyo alikuwa na maradhi ya kuanzisha vyama: tangu hajatimiza miaka ishirini alikuwa katika vikundi vya kuwachukia Mayahudi na Wamasoni, na Desemba 1940, Wajerumani wakiwa wamekwisha kuingia Paris, alimwandikia Marshali Pétain kumwonya juu ya njama zao. Baadaye alikuwa na chama kingine chenye jina la Kiyunani na gazeti lake dogo, kilichojidai kuwa ni cha mashujaa, ilhali wanachama wake walikuwa wa kuhesabika.

Mwaka 1956, akiwa mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Uswisi, yeye na rafiki zake watatu walikwenda katika ofisi ya mkuu wa wilaya mjini Saint-Julien-en-Genevois na kuandikisha chama kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1901, ile ile inayoandikisha vyama vya wavuvi na vya wapiga tarumbeta. Wakakiita Priory ya Sion. Sion hiyo si mlima wa Yerusalemu. Ni kilima kilicho karibu na pale, watu wa sehemu hizo wanakijua. Chama kilichapa jarida, nalo lilihusu zaidi haki za wapangaji wa nyumba za bei nafuu. Rais wake, André Bonhomme, alipoulizwa na BBC mwaka 1996 alisema walikuwa marafiki wanne waliokutana kujifurahisha. Jina la chama lilichapwa katika Gazeti la Serikali la tarehe 20 Julai 1956, na ukurasa huo mtu yeyote anaweza kuusoma. Kwa hiyo Dan Brown aliposema chama kipo hasa, hakukosea kwa jambo ila kwa miaka 857.

Miaka hiyo 857 ilitengenezwa kwa mashine ya kupigia chapa. Plantard alipata msaidizi hodari kuliko yeye, Philippe de Chérisey, mtoto wa nyumba ya kimarkizi na mwigizaji wa vichekesho, mtu msomi aliyependa mafumbo ya maneno kama wengine wapendavyo bao. Huyu alitunga hati mbili za Kilatini, zikasemwa ndizo alizozikuta Saunière ndani ya nguzo. Plantard naye alichukua taarikhi ya wafalme wa Kimerovingi, ambao nywele ndefu zilikuwa alama ya enzi yao mpaka yule wa mwisho, Childeric wa Tatu, alipopinduliwa mwaka 751, akanyolewa na kutiwa utawani. Mfalme Dagobert wa Pili wa ukoo huo aliuawa mwaka 679 mwituni, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Hilo ni kweli. Plantard akamzulia mtoto aliyeokoka na kukimbizwa Rennes-le-Château, akashusha nasaba kutoka kwa mtoto huyo baba kwa baba, karne kumi na tatu, mpaka ikamfikia mtoto wa mtumishi. Akaiunganisha nasaba na chama, akakipa chama wakuu waliofuatana tangu vita vya msalaba, kila mmoja akiitwa Nahodha: Leonardo yumo, Newton yumo, na Claude Debussy anakabidhiwa usukani mwaka 1885, kijana wa miaka 23, mwaka ule ule Saunière alipopanda kilima chake.

Karatasi hizo, nasaba, ramani na vipande vya magazeti, zilifungwa pamoja kwa jina la Nyaraka za Siri za Henri Lobineau, na tarehe 27 Aprili 1967 zikakabidhiwa kwa Maktaba ya Taifa mjini Paris. Hapa ndipo nionapo akili ya Plantard, na natamani msomaji atue kidogo. Maktaba kubwa haimuulizi aletaye karatasi kama asemayo ni kweli. Inapokea, inapiga muhuri, inatia namba, inaweka rafuni. Toka hapo mtafiti anayeiagiza karatasi hiyo haletewi kwa mkono wa Plantard, bali analetewa na karani wa Jamhuri, katika chumba chenye ukimya, kwa namba iliyo katika fahirisi moja na nyaraka za wafalme wa kweli. Uwongo uliingia mlango wa nyuma ukatoka mlango wa mbele. Wala hazikuwa ngozi, wala haukuwa mwaka 1975, na hapakuwa na kugundua, kwa kuwa aliyeziweka ndiye aliyewaelekeza watu wakaziangalie.

Mwaka huo huo wa 1967 mwandishi Gérard de Sède, aliyeutengeneza upya mswada wa Plantard, alitoa kitabu juu ya dhahabu ya Rennes, na ndani yake akachapa picha za hati za Chérisey. Baadaye waliteta juu ya mgawo wa fedha za kitabu, na Chérisey akasema kwa maandishi kwamba hati ni kazi ya mkono wake. Lakini kitabu kilikwisha kutoka, na mwaka 1969 nakala yake moja ikanunuliwa na Mwingereza aliyekuwa likizoni Ufaransa, Henry Lincoln, mwigizaji na mtunzi wa tamthilia za televisheni. Alikisoma kwa kujiburudisha, mpaka alipotazama picha ya hati kwa karibu akaona jambo: herufi chache zilikuwa zimeinuliwa kidogo, kama unywele, juu ya mstari wa wenzake. Akaziokota moja moja, akaziandika pembeni, nazo zikatoa Kifaransa kinachosomeka, kwamba hazina ni ya Dagobert na ya Sion. Alipokutana na de Sède alimuuliza kwa nini hakuyaeleza hayo kitabuni mwake. Na kwa masimulizi ya Lincoln mwenyewe, akajibiwa kuwa walidhani mtu kama yeye angependa kuyaona peke yake. Mtu aambiwaye siri huishuku, lakini aliyeiokota mwenyewe huitetea kama mwanawe.

Lincoln alifanya filamu tatu za BBC, mwaka 1972, 1974 na 1979, kisha pamoja na Michael Baigent na Richard Leigh akatoa mwaka 1982 kitabu The Holy Blood and the Holy Grail. Watatu hao waliongeza ghorofa ambayo hata Plantard hakuithubutu: kwamba damu ya Wamerovingi ilikuwa damu ya Yesu na Maria Magdalena. Plantard aliyakana hayo hadharani. Yeye alitaka kuwa mfalme wa Ufaransa, na hilo lilimtosha.

Aliendelea kurekebisha orodha ya manahodha wake, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akamtia humo Roger-Patrice Pelat, tajiri aliyekuwa rafiki wa Rais Mitterrand na aliyekufa mwaka 1989 akiwa katika kashfa ya fedha. Orodha ikafika kwa hakimu Thierry Jean-Pierre, aliyekuwa akiichunguza kashfa hiyo na ambaye hakuwa na wakati wa Wamerovingi. Mwaka 1993 nyumba ya Plantard ikapekuliwa, zikaonekana karatasi zinazomtaja kuwa mfalme wa haki wa Ufaransa, na mzee wa miaka 73 akaapishwa, akaulizwa, akakiri kwamba amebuni yote. Hakimu alimwonya asiichezee sheria, akamwacha aende zake. Alikufa Paris mwezi wa Februari 2000, kimya kimya, miaka mitatu kabla ya riwaya kumfanya maarufu duniani bila kumtaja yeye binafsi.

Walakini majina mengine yalitajwa, kwa kupinda. Mzee anayeuawa Louvre anaitwa Jacques Saunière. Na mtaalamu wa Kiingereza anayemfunulia msomaji habari ya Magdalena anaitwa Leigh Teabing, ambapo Leigh ni Leigh, na Teabing ni herufi za Baigent zilizokorogwa. Baada ya riwaya wageni waliongezeka hata katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, ikabidi litundikwe tangazo la kueleza kwamba herufi P na S kwenye madirisha ni za Petro na Sulpice, watakatifu wa kanisa hilo, si za Priory ya Sion. Na kule kilimani, mwaka 2004, mifupa ya Saunière ilitolewa makaburini kwa kuogopa wachimbaji, ikahamishiwa katika bustani ya jumba lake.

Baigent na Leigh hawakufurahia heshima ya kukorogewa jina. Mwaka 2006 waliwashitaki wachapishaji wa Brown mbele ya Mahakama Kuu ya London, wakidai kwamba kiini cha kitabu chao kimechukuliwa. Lincoln hakuwa pamoja nao katika dai hilo. Kesi ilikuwa na fundo ambalo sijaona mtunga vichekesho aliyelipata zuri zaidi. Walalamikaji kwa miaka 24 walikuwa wamewaambia walimwengu kwamba waliyoyaandika ni taarikhi, na jambo lililotokea halina mwenyewe, kila mtu ana ruhusa ya kulitungia hadithi. Kama wangesimama kizimbani wakasema kwamba waliyabuni, pengine wangekuwa na la kudai. Hawakusema hivyo, na tarehe 7 Aprili jaji Peter Smith akawakatalia. Rufaa yao nayo ikashindwa mwaka uliofuata.

Muda mfupi baada ya hukumu ya jaji Smith wanasheria waliokuwa wakiisoma waliona kwamba katika kurasa zake za mwanzo kuna herufi moja moja zilizochapwa kwa mlazo, katikati ya maneno yasiyohitaji mlazo. Kwanza walidhani ni makosa ya mpiga chapa. Kisha mmoja akaziandika pembeni, moja moja, kama Lincoln alivyofanya likizoni mwake, na herufi za mwanzo zikatoa jina la jaji mwenyewe. Zilizosalia hazikusomeka mpaka zilipofumbuliwa kwa hesabu ya namba iliyotumika ndani ya riwaya, nazo zikauliza habari za Jackie Fisher, admirali wa Kiingereza, na manowari yake Dreadnought iliyoshushwa majini mwaka 1906, ambayo jaji Smith aliipenda sana, na ambayo haihusiani hata kidogo na Yesu, wala na Magdalena, wala na padri wa Rennes-le-Château.